Filamu Moja, Majina Mawili na Mkeka Katikati

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa tena, mtu wa Kyela akitaka kununua kitu chenye waya alikuwa na swali moja tu: "Ni ya Japani?" Hakuuliza kama inafanya kazi. Redio ya Japani isipofanya kazi ilikuwa orijino iliyogoma kwa sababu zake yenyewe, na fundi angezungumza nayo. Redio ya Taiwani ikifanya kazi, watu waliitazama kwa huruma, kama mgonjwa mahututi aliyeamka asubuhi akaomba uji.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hamtaelewa jinsi kanda moja ya katuni ilivyogeuka filamu mbili, wala jinsi mimi nilivyoendesha banda la video bila kuona picha.

Nilizaliwa Ipinda, nikaolewa kwenye ukoo wa Busale, nikahamia Kyela mjini kwa kuwa mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani zilizotoka bandari ya Itungi. Nyumbani alikuja kama mgeni wa heshima. Mimi niliuza vitenge kutoka upande wa Malawi, na mpakani nilijifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu na ya pili ni tusi, mazungumzo yanaanza kwenye ya tatu. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne. Kiingereza changu kilikuwa kama daraja la magogo: kinapitika, ukijua pa kukanyaga.

Mshirika wangu alikuwa mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku. Alikuwa rafiki wa mume wangu, hivyo tuliitana shemeji. Mpwa wake wa Dar es Salaam alimwachia deki, televisheni na jenereta, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kikubwa kilichonuka chumvi na mafuta ya taa. Yeye alikuwa na mashine na chumba. Mimi nilikuwa na ulimi. Tukafungua video.

Kanda nilizipata kwa dereva wa lori aliyezipenda filamu kidogo na mchele wa Kyela sana. Alitaka magunia mawili kwa kanda sita. Nilimwuliza kama anazo pia televisheni za kuongezea. Tukateremka mpaka gunia moja na debe. Nikahesabu maboksi: sita. Nikafungua nikahesabu kilichomo: tano.

"Dada, wewe ni benki?" aliuliza dereva.

"Benki wangehesabu mara moja."

Lile debe likabaki kwangu. Kati ya kanda tano, mbili zilikuwa za mateke, moja ya nyimbo za Kihindi, moja ilikuwa harusi ya watu tusiowajua kabisa, na ya tano ilikuwa katuni ya Kijapani. Harusi, kwa taarifa yenu, ilipendwa. Watu waliirudia mpaka wakagawanyika, nusu upande wa bibi harusi, nusu upande wa shangazi mmoja mwenye kofia aliyeonekana kununa tangu kanisani.

Tatizo lilikuwa katuni. Ilikuja na majina mawili. Kwenye boksi iliandikwa kwa Kiingereza, *Attack on Iron Lake*, pamoja na picha ya askari mwenye bunduki kubwa kuliko mtu anayeishika. Kwenye ubavu wa kanda yenyewe kulikuwa na maandishi ya Kijapani, na chini yake, kwa herufi zetu, *Mizuumi no Suzu*. Maana yake sikuijua. Nilikisia ni ziwa na kengele, kwa kuwa hivyo viwili vilikuwamo: binti, babu yake aliyepoteza kengele ya kuitia samaki, na kobe mkubwa aliyejua ilipozama. Bunduki haikuwamo. Chuma hakikuwamo, ukiacha sufuria moja.

"Shemeji, Kiingereza kinaita," alisema mshirika wangu. "Mtu akisoma *Attack* pale nje, miguu inaingia yenyewe."

"Humu hakuna vita. Kuna binti, babu na kobe."

"Huyo si kobe, ni kasa. Babu yangu aliwajua."

"Kasa wa ziwani?"

"Japani wanashindwa nini?"

"Ndiyo maana nasema tuandike la Kijapani. Watu wanapenda kitu cha Japani. Ukiandika Kiingereza watasema kimetengenezwa kwingine."

"Nani atakayesoma hayo madudu? *Mizuumi*! Watadhani ni dawa ya minyoo."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana kama wafanyabiashara, yaani kila mmoja akaondoka akiamini amemshinda mwenzake. Tulichukua kipande cha plaiwudi, tukakitundika kwa kamba. Upande mmoja tukaandika jina la Kiingereza, la siku za wiki, na upande wa pili la Kijapani, la Jumamosi, watu wanapotoka vijijini kuja sokoni. Asubuhi ya Jumamosi tuligeuza ubao tu.

Siku za Kiingereza walikuja vijana. Walikaa mbele, wakakunja mikono, wakangoja vita. Mimi nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya mwanzi, nikieleza kwa Kiswahili kila neno, na pale Kiswahili kilipokosa ladha nilitia Kinyakyusa.

"Mama, huyu askari wa kwenye boksi anaingia saa ngapi?"

"Yuko likizo."

"Sasa vita viko wapi?"

"Subirini."

Binti akateleza akaangukia matopeni. "Ndiyo hivyo?" akauliza kijana mmoja kwa uchungu wa kweli. Walitoka wakisema filamu ni mbovu, wakarudi kesho yake kuhakikisha.

Jumamosi walikuja watu wazima: wafanyabiashara, wakulima wa mpunga, akina mama waliouza dagaa wa usipa. Hawa hawakuangalia filamu kwanza, walikagua. Mmoja alisoma maandishi nyuma ya deki: Japani. Akasoma nyuma ya televisheni: Japani. Akasoma ubao: hakuelewa hata neno moja, kwa hiyo akaridhika. Mwingine aligonga ubavu wa televisheni kwa kifundo cha kidole, kama tunavyogonga chungu cha soko la Lyulilo kusikiliza kama kina ufa, akatikisa kichwa taratibu. "Orijino."

Walisikiliza yale maneno ya Kiingereza yaliyotoka kwenye televisheni, yale yale ya siku za wiki.

"Kijapani kinafanana sana na Kiingereza," alisema mmoja.

"Ni majirani," akajibu mwenzake.

Na wale vijana, walipoona ubao mwingine, waliingia tena. Wakatoka wakiapa kwamba ile ya Kiingereza ilikuwa kopi. Hii ya Kijapani rangi zake zimekolea, binti analia vizuri zaidi, na hata kobe ni mnene. Usiku huo nilihesabu kanda za katuni. Moja. Nikahesabu tena. Moja. Mshirika wangu akaniuliza kama tuwaambie.

"Tuwaambie nini? Wameona kwa macho yao."

Lakini kilichowaleta wakulima hasa hakikuwa kobe. Mwanzoni mwa filamu kulikuwa na mashamba ya mpunga. Watu wenye kofia za majani walisimama kwenye maji, wakipanda miche kwa mistari iliyonyooka kama nywele zilizosukwa. Sisi wengi wakati ule tulimwaga mbegu tu na kumwachia Mungu upangaji. Binti aliposogea mbele ya shamba na kuanza kuimba, watu walimpigia kelele apishe. "Rudisha! Rudisha pale kwenye mpunga!" Kuna Jumamosi tuliona mpunga mpaka jenereta ikaishiwa mafuta, na kengele ya babu haikupatikana kabisa.

Habari za mpunga wa mistari zikafika Busale. Zikamfikia baba mkwe wangu.

Kwetu mke na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Hukai naye chini ya paa moja, huongei naye, jina lake hulitaji. Mimi mwenyewe sijalitaja mpaka leo, wala hamtalipata humu. Tangu niolewe nilikuwa nimemwona kisogo tu, mara mbili, na mara ya pili yawezekana alikuwa mtu mwingine. Huo si uadui. Nilimpelekea sukari na vitenge vya mama mkwe, naye alileta ndizi na mchele mpya kila mavuno. Tulipendana kwa mizigo. Wapo mjini walioanza kulegeza, wakisema dunia imebadilika. Shangazi wa mume wangu, dada yake mkwe, hakuwa miongoni mwao.

Ndiye aliyekuja dukani siku ya Jumatano. Tukasalimiana kwa utaratibu wote: ugonile, watoto, mvua, ng'ombe. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Kaka yangu anakuja Jumamosi. Anataka kuona mpunga wa Wajapani."

"Anakaribishwa. Siku hiyo sitakuwepo."

"Na nani ataeleza?"

"Mpunga unajieleza, shangazi. Watu wanaona."

"Mkwe wako atoke Busale kwa baiskeli, mvua hii, aje aone kobe anafumbua mdomo bila kuambiwa amesema nini? Unataka ukoo ucheke? Na wenzake wa rika anakuja nao. Wamebishana tangu mwezi jana. Mmoja anasema mpunga ukihamishwa unakufa. Kaka yangu anasema haufi. Anataka kusikia."

"Basi nitaeleza."

"Usithubutu. Mwali, sikia. Ukoo ulinyamaza ulipoanza kazi hii ya kusimama mbele ya wanaume na kusema maneno ya kobe. Mume wako alituomba, tukanyamaza. Lakini siku mkwe wako akikukuta humo ndani, au jicho lako likimwangukia, video imekwisha. Unarudi kwenye vitenge vyako."

"Kwa hiyo nisiwepo, na nisikose."

"Ndivyo," alisema, akafurahi kwamba nimeelewa haraka.

Nilibaki nimekaa. Vitenge nilivipenda, lakini kitenge hakikuulizi kesho utasema nini. Kazi ya kueleza filamu ilikuwa kitu cha kwanza nilichofanya ambacho mtu hakuweza kunishusha bei, maana hakukuwa na mwingine wa kuulizia. Sikutaka kuiacha kwa sababu ya mistari ya mpunga.

Tukamjaribu mshirika wangu. Alhamisi alishika fimbo yangu, nikakaa nyuma nikamsikiliza. Kobe alipofumbua mdomo mara ya kwanza, mshirika wangu alisema, "Anasema hivi, shamba hili ni la marehemu baba yake." Mpaka katikati ya filamu ilikuwa kesi ya mirathi. Babu alikuwa ameshtakiwa, binti alikuwa shahidi wa uongo, na kengele ilikuwa kielelezo cha mahakama. Watu waliipenda. Mimi nilimnyang'anya fimbo.

"Kasa wangu ana busara kuliko wako," alisema.

Ijumaa ndipo wazo la mkeka liliponijia: nieleze nikiwa nyuma yake. Kati ya chumba cha video na stoo ya duka kulikuwa na mlango usio na mbao. Tukatundika mkeka kuanzia juu mpaka chini. Stoo ilikuwa na paa lake la bati, dogo, la mteremko mwingine. Nilimwita shangazi aje akague. Alisimama nje akaangalia bati la kwanza, akaangalia la pili.

"Mapaa mawili," alisema mwishowe, kwa shingo upande.

"Hesabu tena, shangazi."

Akahesabu tena. Mawili. Ila mkeka ulikuwa na tundu, usawa wa jicho la mtu aliyekaa. Nililiziba kwa kipande cha kitenge. Heshima yangu yote mbele ya ukoo ilishikiliwa na kile kitambaa.

Jumamosi mchana, ubao ukiwa upande wa Kijapani, nilikaa juu ya gunia la chumvi gizani. Nilisikia baiskeli zikiegemezwa ukutani, nikasikia benchi la mbele likilia, kisha kikohozi. Nikajua ni yeye, maana watu wote walinyamaza kidogo. Shangazi alisimama mlangoni kama askari wa kwenye boksi.

Filamu ikaanza. Nilikuwa nimeieleza mara nyingi kiasi kwamba niliijua kwa masikio: muziki wa filimbi ni mashamba, kelele za vyura ni jioni, na kobe kabla ya kusema hutoa sauti kama kifuniko cha birika. Nikaanza kueleza kupitia mkeka. Mambo yakaenda vizuri mpaka kwenye mpunga.

"Hiyo miche," ilisema sauti nzito ya mzee benchi la mbele, "wameisia wapi kwanza?"

Yule ni mkwe, ameuliza, na mimi siwezi kumjibu. Filamu ikaendelea peke yake. Mshirika wangu akaja akanong'ona kwenye mkeka.

"Shemeji, mzee anauliza."

"Nimesikia. Siwezi kuongea naye."

"Banda zima linangoja."

"Mjibu wewe."

"Mimi nauza sabuni, najua nini cha mpunga?"

Wakati huo kobe alikuwa akimwambia binti asilie, kengele itapatikana. Nilisikia kile kifuniko cha birika, na kabla sijafikiri nikasema kwa sauti ya kobe:

"Miche hii, wazee wangu, tuliisia kwenye kitalu pembeni. Ilipofika mwezi mmoja tukaing'oa, tukaihamishia hapa."

Ilikuwa kweli. Baba yangu alifanya hivyo kwenye kipande chake cha bondeni, Ipinda, nikiwa msichana. Banda likavuta pumzi. Mkwe akasema, "Mnaona?"

"Muulize kama haikufa," alisema yule mwenzake wa rika.

"Kobe, haikufa?"

Nikangoja kobe afumbue tena mdomo. Binti alikuwa anamwuliza kama babu yake atapona. Birika likalia.

"Itanuna," akasema kobe. "Itanuna wiki nzima, majani yatakuwa ya njano, na jirani atakucheka. Usimjibu. Wiki ya pili itasimama."

Nikasikia binti anazidi kulia. Alikuwa na haki.

Kuanzia hapo mkwe hakuiangalia filamu, alizungumza nayo. Aliuliza nafasi kati ya mche na mche. Aliuliza maji yafike wapi mguuni. Na kobe, ambaye Wajapani walimpa maneno machache, yote kuhusu kengele, alijibu kila jambo, mradi amefumbua mdomo. Kisha sauti ya mkwe ikatulia.

"Wewe kobe umezaliwa wapi?"

"Ziwani, tata." Tata ni baba kwa Kinyakyusa. Lilinitoka.

"Ziwa lenye mpunga karibu?"

"Lenye mpunga, tata."

"Kama Ipinda?"

Mlangoni nikasikia shangazi anasafisha koo. Ndani ya banda kulikuwa na watu kama arobaini, kwa hesabu yangu ya vikohozi, na hakuna aliyekohoa.

"Kama Ipinda, tata. Ila vyungu vyao havitoki Lyulilo."

"Mm. Na huko ulikokwenda kukaa, wanakutunza?"

Hapo kobe akazama. Nilisikia maji yakifunga. Palikuwa mahali parefu kuliko pote katika filamu: kobe anashuka kutafuta kengele, juu babu anavuta kiko, wala hakuna asemaye. Sikuwa na mdomo wa kusemea. Ningesema wakati ule, ingekuwa mimi, mke wa mtoto wake, ninayeongea na baba mkwe mchana kweupe mbele ya soko zima. Nikashika gunia kwa mikono miwili. Mkwe naye akangoja. Alikuwa mkulima, alijua kungoja.

Maji yakafunguka. Birika likalia.

"Wananitunza vizuri, tata. Wananiletea ndizi. Ila wapo wanaotaka niache kusema."

"Kina nani hao?"

"Kobe hatembei na majina ya watu mdomoni."

Watu wakacheka. Mkwe hakucheka. Nikasikia benchi likilia, amegeuka.

"Dada, upo hapo mlangoni?"

"Nipo, kaka."

"Umemwona mkwe wangu humu?"

"Kumwona sijamwona. Lakini hiyo sauti…"

"Sauti ya nani?"

Shangazi alikuwa mwanamke mwenye msimamo, na ninamheshimu mpaka leo. Angesema ni yangu, basi kaka yake angekuwa ameongea na mkwe wake hadharani, ameuliza hata habari za ndizi, na aibu ingekuwa yake yeye kaka kabla ya kuwa yangu. Alikuwa amekagua mapaa mawili kwa macho yake mwenyewe.

"Ya kobe," alisema.

"Basi mwacheni kobe aseme. Kobe, mimi nitakuja kila Jumamosi mpaka tupande."

Sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimeshapewa nilichotaka, lakini mtu wa mpakani hakubali bei ya kwanza hata ikiwa nzuri.

"Utakaribishwa, tata. Ila mkeka huu una tundu."

"Mkeka upi? Kobe ana mkeka?"

"Kobe wa Japani, tata."

"Dada yangu anasuka. Ataleta."

Shangazi alileta Jumanne, umesukwa mara mbili, mzito kama mlango. Aliutundika mwenyewe, akaukagua, akauvuta kuona kama utaanguka. "Huu hata kuku hapiti," alisema. Kisha, akiwa tayari ameshageuka kuondoka: "Muulize huyo kobe wako, viwavi wa mpunga anawafanyaje?"

"Jumamosi, shangazi. Siku za wiki ni wa Kiingereza."

Maana hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Vijana walisikia kwamba kobe wa Jumamosi anajibu maswali. Wakaja Jumatatu, ubao ukisema *Attack*, mimi nimesimama mbele na fimbo yangu, wakamwuliza kobe nani atachukua kombe. Kobe akaendelea na kengele yake. Wakauliza tena.

"Huyu wa Kiingereza ana kiburi," walisema.

"Si kiburi, ni kopi. Kopi haiwezi kujibu."

Ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyetaka upande wa Kiingereza. Mshirika wangu, aliyenibishia mpaka chai ikapoa, alianza kuwaeleza wateja dukani kwamba yeye tangu mwanzo alisema jina la asili lisiguswe. Ubao ukakaa upande wa Kijapani siku zote, na mimi nikahamia nyuma ya mkeka siku zote, maana kobe alijibu tu nikiwa huko. Nilikuwa mwenye video pekee mjini asiyeona video. Kanda za mateke nilizieleza kwa kusikiliza. Mtu akiguna nilijua amepigwa, ila sikujua nani.

Mkwe alikuja mpaka msimu wa kupanda, kisha akapotea. Nilisikia kwa watu kwamba amepandikiza pembe moja ya shamba, kwa kamba na vijiti, na kwamba yule mwenzake anapita kila asubuhi kumcheka. Nikasikia miche imenuna. Halafu sikusikia tena, na sikuwa na njia ya kuuliza.

Wakati wa mavuno, Jumamosi moja, shangazi akaja mapema. "Kaka anakuja leo. Ana taarifa ya kumpa kobe."

Na siku hiyo kanda ikafa. Unyevu wa Kyela ulikuwa umeshaitia ukungu, deki ikaitafuna taratibu. Nilisikia filimbi ya mashamba ikipinda, ikawa kama mbuzi, ikakatika. Mshirika wangu akapigapiga deki. Akaitoa kanda, ikatoka na utumbo nje. Akarudi kwenye mkeka.

"Shemeji, hakuna picha. Hakuna sauti. Televisheni ni nyeusi. Na mzee ameshakaa."

Nikasikia kikohozi. Nikasikia watu wakihamahama kwenye mabenchi.

"Kobe yupo?" aliuliza mkwe.

Ilikuwa kama pale alipozama, ila safari hii hapakuwa na mwisho wa maji. Bila filamu hapakuwa na mdomo. Mlangoni shangazi hakusafisha koo. Nadhani naye alikuwa anangoja, maana suala la viwavi lilikuwa bado halijaisha.

"Shemeji," nikanong'ona, "ubao uko upande gani?"

"Wa Kijapani. Unataka niugeuze?"

"Usiuguse."

Nikasogea karibu na mkeka.

"Nipo, tata," akasema kobe. "Niko chini ya maji."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana kweusi." Na mwingine: "Ile ya Kiingereza ingekuwa imekufa kabisa. Hii ni orijino." Mabenchi yakatulia. Hakuna aliyetoka.

"Basi sikiliza hukohuko," alisema mkwe wangu. "Mpunga ulinuna wiki nzima kama ulivyosema. Jirani alicheka, sikumjibu. Wiki ya pili ukasimama. Na leo tumemaliza kuvuna ile pembe. Ndaga fijo, asante sana, kobe."

"Ndaga, tata. Magunia mangapi?"

Akataja.

Nikamwomba ataje tena.